Barua Isiyokuwa Nzuri

Kiingereza sikukisomea skuli. Nilijifunza kwa kamusi moja kuukuu na subira nyingi. Katika maneno yake yote, nililoliamini zaidi ni dogo la herufi nne: nice. Chakula, mgeni, kanzu mpya, vyote huitwa hivyo. Nikalishika kuwa ni "zuri", nikaridhika.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifasiri Romeo and Juliet, tamthilia ya Shakespeare ya miaka ya 1590. Nikafika pale mtawa Laurence anapopata habari kwamba barua aliyompelekea Romeo huko Mantua haikufika. Mjumbe alifungiwa ndani ya nyumba kwa hofu ya tauni. Mtawa anasikitika, anasema barua ile haikuwa nice. Nami, bila kusita, nikaandika: "Barua ile haikuwa nzuri."

Jioni nikamsomea shangazi yangu. Kiingereza hajui hata salamu, lakini Kiswahili hukipima kwa mizani ya sonara. Akanisimamisha.

"Mwanangu, kama barua haikuwa nzuri, si afadhali haikufika? Huyo mtawa analia nini?"

Sikuwa na jibu. Nikatafuta kamusi kubwa, ile inayoeleza nasaba za maneno. Kumbe babu wa neno hili ni nescius la Kilatini, yaani asiyejua. Lilipitia Kifaransa cha kale, likaingia Kiingereza mnamo mwaka 1300 kwa maana ya mpumbavu. Baadaye likawa sifa ya mtu mteuzi asiyeridhika upesi, kisha ya kitu chembamba kinachotaka uangalifu. Na kwa Shakespeare huweza kuwa jambo dogo lisilo uzito. Maana ya kupendeza ilienea karne ya 18, ikaenea kupita kiasi, hata Jane Austen katika Northanger Abbey (1817) akampa Henry Tilney kazi ya kulifanyia mzaha kwa kutumika kusifu kila kitu.

Kwa hiyo mtawa hakuilaumu barua. Alisema ilikuwa nzito. Ilibeba roho mbili: Romeo hakupata kujua kwamba Juliet amelala tu, akanywa sumu.

Ndugu msomaji, nasi tunayo maneno ya namna hiyo. Wazee wetu waliposema "fanya kwa siasa" walikusudia upole na taratibu. Kijana wa leo akilikuta neno hilo katika maandishi ya kale atadhani ni habari za vyama na kura. Sitamcheka. Neno geni hutupeleka kwenye kamusi. Tulizoealo ndilo hutupoteza, kwa kuwa hatulitilii shaka.

Mwalimu Nyerere aliitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, akaisahihisha na kuitoa upya mwaka 1969. Basi mimi ni nani nione haya kufuta mstari mmoja? Niliufuta, nikaandika: "Barua ile haikuwa ya mchezo." Nikamsomea tena shangazi.

"Maskini," akasema. "Basi ana haki ya kulia."