Dingi kaongeza tairi, pikipiki imegoma kulala

Leo naweka pembeni mambo ya mapenzi na kodi ya chumba. Nawapeleka kwetu Tandika mkamwone dingi wangu na pikipiki yake ya tairi tatu. Najua wengine mshaiona. Picha yake imezunguka kwenye WhatsApp mpaka nimechoka, na yule aliyeandika chini yake "guta la kubebea wastaafu" namfahamu. Tutaonana.

Dingi ana miaka 67. Alikuwa tarishi wa ofisi moja mjini, kazi yake kupeleka barua na mafaili kwa pikipiki. Mwaka 1997 ofisi ikapiga mnada vitu vyake chakavu, naye akainunua ileile Honda CG 125 aliyokuwa akiiendesha kazini. Mimi nimezaliwa nikaikuta. Yaani ukipiga hesabu vizuri, ile Honda ni kaka yangu, na kwa jinsi ilivyokuwa ikibadilishwa oili na kufutwa vumbi kila asubuhi, kuna siku niliona kabisa nani anapendwa zaidi pale nyumbani.

Soo lilianzia mwaka jana kwenye mataa ya Uhasibu. Hakugongwa wala hakuwa kasi. Alisimama tu. Taa nyekundu, akashusha mguu wa kushoto kama alivyoushusha maisha yake yote, goti likakataa. Pikipiki ikalala taratibu, na yeye chini yake, mbele ya daladala iliyojaa abiria.

Watu wengi wanadhani mzee anashindwa pikipiki kwa sababu ya spidi. Wapi! Ikiwa kwenye mwendo inajisimamia yenyewe, we unaielekeza tu. Ikisimama ndipo inakuomba mguu, na ile ni zaidi ya kilo mia moja za chuma. Magoti ya dingi yamesagika, daktari alishasema.

Konda wa ile daladala alishuka akamwinua. Kijana mstaarabu tu, akamwambia, "Babu, pumzika sasa, waachie wajukuu." Nadhani neno hilo ndilo lililomuumiza kuliko goti lenyewe.

Honda ikafunikwa turubai. Mwezi wa kwanza mama alifurahi, akasema sasa atalala usingizi. Mwezi wa pili akaanza kulalamika, maana mzee anashinda jikoni akihoji kwa nini mchuzi una maji. Mwezi wa tatu hakuhoji tena kitu, na hapo ndipo mama aliponiita pembeni. Dingi alikuwa amebaki kukaa barazani na kuuliza saa. Jumapili zote alizokuwa akienda Kigamboni kumwona shangazi ziliisha. Daladala hataki, eti kupanda ngazi yake ni kazi na konda hana subira. Shangazi akipiga simu anauliza, "Kaka yangu mzima kweli, au mnanificha?"

Mimi ndiye niliyeleta wazo la tairi tatu. Nilimwonyesha kwenye simu wazee wa Marekani wenye mvi mpaka kifuani, wamezifunga Honda Gold Wing zao tairi mbili nyuma na wanakula upepo na wake zao. Nikamwambia Harley-Davidson wenyewe walianza kuuza Tri Glide ya tairi tatu mwaka 2009, na kwamba walishatengeneza nyingine, Servi-Car, kuanzia 1932 mpaka 1973, na polisi wa kule waliitumia. Si kitu cha aibu, mzee.

Akanirudishia simu. "Hao wana barabara. Na tairi tatu ni za mtu aliyeshindwa."

Nikanyamaza. Usimbishie mzee aliyekusomesha mpaka form four kwa mshahara wa tarishi.

Kumbe alikuwa anajaribu usiku. Siku moja saa nane nikasikia chuma kinagongwa uani. Nikachungulia. Dingi kavaa msuli, anahangaika kuitoa Honda kwenye stendi kubwa. Anaisukuma, haisogei. Anapumzika, anasukuma tena. Nilirudi kitandani bila kutoa sauti. Asubuhi turubai lilikuwa limekunjwa vizuri. "Yule fundi wako yuko wapi?" akaniuliza.

Hapo nikafanya kosa langu. Fundi wa kwanza nilimfuata kwa sababu ya bei. Akakata mkono wa nyuma unaoshika tairi, akachomelea fremu ya bomba za pembe nne, akaweka chuma kimoja kirefu kutoka tairi ya kulia mpaka ya kushoto na sproketi katikati. Kwa macho ilikuwa bomba ile mbaya. Tukaijaribu: moja kwa moja inakwenda, kona haitaki. Unakata usukani, yenyewe inaendelea na safari yake. Dingi aliponea chupuchupu kuingia mtaroni.

Sababu nilikuja kuelezwa na fundi wa pili, mzee mmoja pale Gerezani. Aliniuliza kama nimewahi kuangalia gwaride la Uhuru. Mstari wa askari ukikata kona, wa ndani anapiga mguu palepale, wa nje anachanja mbuga. Tairi nazo ni hivyohivyo, ya nje ina safari ndefu kuliko ya ndani. Ukizifunga kwenye chuma kimoja umewafunga askari kamba, lazima mmoja aburuzwe. Dawa yake ni difu, ile inayoziacha tairi mbili zizunguke kwa kasi tofauti huku zote zinapata nguvu ya injini. Akatutafutia iliyotumika, ya kuendeshwa kwa mnyororo. Breki akaweka tairi zote mbili za nyuma kwa pedali moja, maana yule wa kwanza alifunga upande mmoja tu, ukikanyaga inakuvuta ubavuni. Na hendibreki juu, kwa sababu ukiegesha kwenye mteremko hakuna tena stendi ya kuizuia. Jumla milioni moja na laki moja, ukiacha hela ya fundi wa kwanza ambayo siku hizi haitajwi nyumbani. Kukaguliwa na trafiki na kubadilisha maelezo ya kadi TRA ni habari ya foleni, naomba niiruke.

Sasa sikiliza kichekesho. Tukaipeleka viwanja vya Mwembe Yanga, asubuhi watoto hawajaamka. Dingi, mtu aliyeendesha pikipiki zaidi ya miaka thelathini, ikamshinda. Mimi ambaye pikipiki naogopa nikapiga raundi mbili safi.

Niliona jicho aliloniangalia.

Lakini si uzee, ni ujuzi wake uliomponza. Mtu wa tairi mbili akiwa kwenye mwendo na anataka kwenda kushoto, anausukuma kidogo usukani upande wa kushoto, pikipiki inalala kushoto, kona inakatika. Mwenyewe hata hajui kama anafanya hivyo, mwili unajua. Ya tairi tatu hailali. Ukisukuma upande wa kushoto, tairi ya mbele inageukia kulia na unakwenda kulia. Kwa hiyo kila alipotaka kushoto mwili wake ulimpeleka kwenye goli la kulia. Ilibidi ajifunze kuivuta kama usukani wa baiskeli ya mtoto ya tairi tatu, na kuinamisha kifua upande wa ndani wa kona, kwani ukiikata kwa kasi tairi ya ndani inanyanyuka.

Cha pili ni mguu. Kila akisimama, mguu chini. Kwenye hii, ukishusha mguu kabla haijasimama, tairi ya nyuma inakuja kuupanda. Ilimvua kiatu mara mbili. Nikaandika kwa maka pen juu ya tangi: MIGUU JUU. Alichukia, lakini hakufuta.

Wiki tatu tulikwenda Mwembe Yanga. Kwa mtu mzima kuanza kufundishwa na mwanawe kitu alichomfundisha yeye, jamani, si jambo dogo. Siku ya kwanza alikuwa ananijibu "ndiyo" kama vile nimemkopesha hela.

Sitawadanganya kwamba yote ni mazuri. Foleni anakaa kama watu wa magari, haipenyi popote, na vijana wa bodaboda wanampita wakimwamkia "Shikamoo mzee!" huku wanacheka. Shimo ambalo zamani alilikwepa kirahisi sasa hakwepi, maana tairi ni tatu na kila moja ina njia yake, ya mbele ikipona ya nyuma inaangukia. Na rivasi haina. Akiegesha vibaya anashuka kusukuma, na goti ni lilelile. Kwa hiyo anaegesha uso nje kila mahali, kama gari la zimamoto.

Jumapili iliyopita akasema twende Kigamboni. Mimi nyuma, kapu la embe za shangazi katikati yetu. Tukafika Daraja la Nyerere, kwenye kibanda cha kulipia. Dada wa ndani akachungulia, akatazama mbele, akatazama nyuma. Bajaji inalipa zaidi ya pikipiki, si mnajua.

"Shikamoo mzee. Hii ni pikipiki au bajaji?"

"Marahaba. Pikipiki."

"Ina tairi tatu, mzee wangu."

"Nimezihesabu. Ni Honda, ni pikipiki, ninayo toka 1997."

Nyuma magari yakaanza kupiga honi. Dada akacheka, akasema yeye anahesabu tairi tu. Dingi akakaa kimya, miguu yote miwili juu, hendibreki amevuta. Halafu akatoa hela kwenye mfuko wa shati, akalipa ya bajaji, akachukua risiti.

Tulipomaliza daraja akageuza kichwa kidogo.

"Ile tofauti utanirudishia wewe."