Rimoti ya Nanga

Wasomaji wengi wa gazeti letu wametoka bara, na pengine hawajapata kuona nanga iking'olewa. Kwa hiyo naomba ruhusa nieleze kwanza kazi niliyokuwa nikiifanya kila likizo, kisha nieleze jinsi kidude cha shilingi elfu arobaini kilivyoichukua kazi hiyo kutoka kwangu.

Mjomba wangu ni nahodha wa boti ya fiberi yenye urefu wa mita 10, katika Ghuba ya Tanga. Hupeleka wavuvi wa mishipi na wageni wanaotaka kutembea baharini. Usukani uko nyuma, na nanga iko omo. Nanga yenyewe ina kilo 15, lakini uzito mkubwa ni wa mnyororo. Chuma chake kina unene wa milimita 8, na kila mita moja ina karibu kilo 1.4, basi mita 40 zikiwa majini ni kilo 56. Tunahitaji mnyororo mrefu kwa sababu wakati wa bamvua maji ya Tanga hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na boti iliyotiwa nanga maji yakiwa yamekupwa itavuta vibaya maji yakijaa.

Kazi ya kuuvuta mnyororo hufanywa na winchi ya umeme iliyofungwa omo. Ina vifungo viwili vya kukanyaga, kimoja cha kupandisha na kimoja cha kuteremsha. Mguu uliokanyaga vifungo hivyo ulikuwa wangu. Injini ikinguruma hatusikilizani, basi tulisemezana kwa mikono: mkono ulionyoshwa ulimwonyesha mjomba mnyororo unaelekea wapi, na ngumi ilimwambia asimame. Winchi haikuwekwa ili ikokote boti. Injini ndiyo inayoisogeza boti mpaka juu ya nanga, na winchi hukusanya mnyororo uliolegea. Kwa hiyo yatakiwa macho omo na mikono kwenye usukani kwa wakati mmoja. Mtu akiwa peke yake hukimbia huku na huku, na upepo wa kusi haumngoji. Akifika kwenye usukani, omo imekwisha kugeuka na boti inaelekea kwa jirani.

Mwaka jana baharia wake alipata kazi nyingine bandarini. Pale nyumbani yakaanza mazungumzo kwamba shule itakapofunguliwa nibaki wiki mbili nimsaidie mjomba mpaka apatikane mtu. Hakuna aliyetamka kwamba niache masomo. Lakini nimeona kwa vijana wa mtaani kwetu jinsi wiki mbili za baharini zinavyozaa wiki mbili nyingine. Mama alinyamaza, na kunyamaza kwake kuliniogopesha kuliko maneno.

Ndipo mjomba alipokuja na rimoti. Zilikuwa mbili, kila moja kama ufunguo wa gari, pamoja na kipokezi kidogo chenye nyaya. Kidude hiki kimetengenezwa kwa winchi za magari ya porini, na hutumia mawimbi ya megahezi 433. Zile zinazouzwa maalumu kwa boti bei yake ni mara kumi na zaidi.

Mkaza mjomba alikigeuza mkononi, akasema, "Kitu hiki hakijai kiganja. Kitainuaje nanga?"

Nilifurahi sana kuulizwa, maana somo la Fizikia lilikuwa bado bichi kichwani. Winchi yetu ni ya wati 1,000, na betri ni ya volti 12. Ukigawanya, wapata ampea 83. Swichi iliyo ndani ya kipokezi imeandikwa ampea 10 tu, basi mkondo ule ukipitishwa humo kitaungua mara moja. Lakini haupitishwi humo. Karibu na winchi kuna kasha la solenoidi, yaani swichi nzito zinazovutwa kwa sumaku ya umeme, na nyaya nene za betri hupita hapo. Vile vifungo vya mguu hupeleka umeme mdogo tu wa kuiamsha sumaku. Kipokezi hufungwa sambamba na vifungo hivyo, kikapeleka umeme ule ule mdogo. Rimoti haiinui chochote; yagonga mlango tu.

Fundi aliyekuja kukifunga alizijua nyaya vizuri, ila hakusoma karatasi. Vipokezi vya namna hii huweza kufanya kazi kwa njia zaidi ya moja: ama winchi huzunguka maadamu umebonyeza, ama ukibonyeza mara moja huendelea yenyewe mpaka ubonyeze tena. Yeye alikiacha katika njia ya pili. Siku ya kujaribu mjomba alibonyeza, akaachia, na mnyororo ukaendelea kuja. Nanga ikatoka majini, ikagonga roda ya omo kwa kishindo na kuipinda, mpaka swichi kuu ikajikata. Wakati huo mkono wa mjomba ulikuwa juu ya mnyororo akiondoa mwani. Aliuvuta kwa wakati. Mkaza mjomba, aliyekuwa ufukoni akitazama, hakusema neno mpaka jioni, kisha akasema kidude kirudishwe dukani.

Hakikurudishwa. Niliisoma karatasi ile usiku, tukabadili njia asubuhi, ikawa ukiachia kifungo winchi husimama. Fundi akaongeza fyuzi ya ampea 5 kwenye waya wa kipokezi, na swichi ya kukizima kabisa wakati hakitumiki. Swichi hiyo naiona ya lazima. Rimoti za bei nafuu hutuma namba ile ile kila mara, nazo huweza kunakiliwa. Tena rimoti ikikaliwa mfukoni yatosha kuangusha nanga boti ikiwa mwendoni. Vifungo vya mguu havikuondolewa, maana kidude hiki hakipendi maji ya chumvi na siku moja kitakufa.

Mimi nilikuwa na shaka moja zaidi. Mguu hukanyaga pale pale macho yalipo, lakini kidole chaweza kubonyeza kutoka mahali usipouona mnyororo wala mkono wa mtu. Muuzaji alisifu kwamba rimoti yafika mita 50. Boti yetu ina mita 10! Mjomba alikata shauri kwamba hatabonyeza akiwa ameketi. Husimama ubavuni katikati ya boti, hatua nne kutoka usukani, auone mnyororo unavyoingia, na hamruhusu mgeni yeyote kukaa omo.

Shule ilifunguliwa, nami nilikuwa darasani siku ya kwanza. Nilipokwenda nyumbani katikati ya muhula mjomba alinichukua baharini, na kwa mazoea nikaenda omo. Akaniita nirudi nyuma. Aling'oa nanga mwenyewe, rimoti ikining'inia shingoni kwa uzi wa mshipi, nami nikashika usukani kwa mara ya kwanza. Ile rimoti ya pili ameitia ndani ya chupa ya plastiki yenye kifuniko, pamoja na betri ya akiba.