Kofia Ngumu na Gunia la Mbaazi

Katika misemo ambayo Waswahili huitamka bila ya kuipima, "ajali haina kinga" umo mbele. Husemwa matangani, husemwa hospitalini, husemwa na dereva aliyesalimika na husemwa juu ya yule ambaye hakusalimika. Asili yake ni huruma: humpunguzia mfiwa adhabu ya kujiuliza lau angefanya hili au lile. Lakini msemo huo huo, ukitoka kinywani mwa mwenye kiwanda, mwenye mgodi au mwenye chombo, hugeuka pazia. Na pazia, wajuavyo watu wa mwambao, hutundikwa ili kilichomo ndani kisionekane.

Mji wa Babati ni mahali pazuri pa kuupimia msemo huu. Umekaa baina ya ziwa lenye viboko na Mlima Kwaraa, penye njia panda ya Arusha, Dodoma na Singida. Tangu mwaka 2002 ndio makao makuu ya Mkoa wa Manyara, na tangu lami ya kutoka Dodoma ilipokamilika mwaka 2018, malori hayana usiku wala mchana. Wagorowa, Wairaqw, Wambugwe na Warangi hukutana sokoni, na Kiswahili ndicho kinachowapatanisha bei. Msimu ukifika hupakiwa mahindi, alizeti na mbaazi, na mbaazi hizo aghalabu zina safari ndefu, hadi India.

Mgeni afikapo kwenye geti la kampuni inayojiheshimu hupokewa kwa utaratibu unaokaribia ibada. Huandika jina daftarini, huvishwa kofia ngumu na kizibao kinachoakisi mwanga, huoneshwa mahali pa kukusanyika moto ukizuka, na huambiwa ashike kingo apandapo ngazi. Ndani ya ofisi yenye meza nne na kompyuta tatu kuna mtungi wa kuzimia moto wenye tarehe ya ukaguzi, na sanduku la huduma ya kwanza lenye ufunguo. Wafanyakazi huyacheka mambo haya chini kwa chini. Mtu aliyelelewa juu ya minazi au juu ya majabali, husema, leo afundishwe kushuka ngazi!

Kicheko hicho kina haki yake, ila hakisemi yote. Ukali huo una chimbuko katika Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, iliyochukua nafasi ya sheria ya viwanda ya enzi za ukoloni. Sheria hiyo inamtaka mwajiri asajili mahali pa kazi, awapime wafanyakazi afya, awape vifaa vya kujikinga na kuwateua wawakilishi wa usalama miongoni mwao. Zanzibar nayo ikatunga yake mwaka 2005, kwa kuwa kazi si jambo la Muungano. Na Juni 2022 Mkutano wa Kazi wa Kimataifa uliyaingiza mazingira salama na yenye afya katika haki za msingi za mfanyakazi. Aliyenusurika kidole kwa sababu mashine ilifungiwa ngao hatamcheka aliyeifunga.

Tatizo la Babati liko nje ya geti. Hatua chache kutoka kwenye ukuta wenye bango la "Usalama Kwanza" lori limeegeshwa, na ubao mwembamba umeegemezwa kutoka ardhini hadi kwenye bodi lake. Juu ya ubao huo anapanda mchukuzi, kuli kwa lugha ya sokoni, gunia mgongoni, kandambili miguuni. Hakuna kingo ya kushika. Hakuandika jina daftarini, kwani hakuajiriwa na mtu. Hulipwa kwa gunia. Tajiri wa mzigo hamhesabu, mwenye lori hamhesabu, na kampuni itakayoupokea mzigo hesabu yake huanzia pale gunia livukapo geti. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilipitishwa mwaka 2008 na mfuko wake ukaanza kazi mwaka 2015, lakini mfuko humjua yule ambaye mwajiri wake anamchangia. Huyu wa ubaoni ana mwajiri mpya kila saa, na kila mmoja wao ni mpita njia.

Gunia lenyewe lina habari yake. Miaka mingi wakulima wameililia lumbesa, lile gunia linalojazwa hadi kuota kichwa kisha likashonewa kilemba cha kamba, likauzwa kwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo imeipiga marufuku na kuweka kikomo cha kilo 100. Ni ushindi wa haki, kwani mkulima alikuwa akidhulumiwa jasho lake. Lakini Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka 1967 kuhusu mizigo ya kubebwa kwa mikono, lilitaja kilo 55 kuwa ukomo wa mzigo wa mwanamume mzima. Kwa hiyo gunia halali la mbaazi, lisilo na lumbesa hata punje, linakaribia mara mbili ya kipimo hicho. Mizani ya sokoni ilitengenezwa kwa ajili ya bei. Mgongo haukuitwa kwenye kikao.

Wala uzito huu haukuandikwa mbinguni. Mbolea ya Minjingu, inayotengenezwa katika wilaya hiyo hiyo ya Babati, humfikia mkulima katika mifuko ya kilo 50. Saruji nayo kilo 50. Kinachotoka kiwandani kimepimwa kwa kiasi cha mtu kukibeba. Kinachotoka shambani hupimwa kwa kiasi cha gunia kushonwa.

Katika mkoa huo huo wa Manyara, kule Mirerani yanakochimbwa mawe ya tanzanite, mvua za mwaka 1998 ziliingia mashimoni zikaua makumi ya wachimbaji. Watu wakazika, wakasema ajali haina kinga. Machi 2008 maji yakaingia tena mashimoni, na makumi wengine wakafa. Mvua ya masika ina majira yake, na mchimbaji ayajua kama mvuvi ajuavyo kusi na kaskazi. Msiba wa kwanza waweza kuitwa ajali. Wa pili, kwa maji yale yale na katika mashimo yale yale, wahitaji jina jingine.

Wasomaji wa visiwani hawahitaji kwenda Manyara kulitafuta jina hilo. Usiku wa Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, imejaza watu kupita uwezo wake. Julai 2012 ikafuata MV Skagit. Na mbele ya hayo, wachukuzi wa bandari ya Unguja ndio walioanzisha mgomo wa mwaka 1948 uliousimamisha mji, mji ukatambua kwamba ulikuwa umekaa juu ya migongo yao.

Yapo pia ya lugha. Katika makampuni mengi kibarua hutiwa saini karatasi za Kiingereza kwamba ameelezwa hatari zote na amezifahamu. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria nchini Tanzania, lakini karatasi hizo hazijasikia. Saini ya namna hiyo huilinda kampuni dhidi ya kibarua, ilhali kanuni ilitungwa imlinde kibarua. Onyo ni utanzu mgumu kama ushairi: maneno machache, yaliyopimwa, yanayomfikia mtu kabla mguu haujateleza. Asiyeijua lugha ya msikilizaji wake hawezi kulitunga.

Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1981 unamlinda mfanyakazi anayejiondoa penye hatari kubwa iliyo mbele yake. Mchukuzi wa Babati akijiondoa ubaoni, mwenzake atapanda badala yake kabla vumbi halijatua, na jioni atarudi nyumbani mikono mitupu. Haki yake ya kukataa itaanza kuwa na maana siku gunia litakapogawanywa mara mbili, na lori likaletewa ngazi yenye kingo. Kwa fedha ni gharama ya magunia matupu, ubao mpana na fundi wa siku moja. Wanaosema ajali haina kinga waanze kwa kutaja kinga ipi waliyoijaribu.