Mchovu Haulizwi

Wapo wanaonishangaa mtaani kwamba mimi, mtu mzima niliyezoea baraza, bao na kahawa, nina mapenzi na besiboli. Siwalaumu. Mchezo wenyewe ni wa kungoja. Mrushaji husimama juu ya kichuguu kidogo cha udongo katikati ya kiwanja, mpigaji humkabili na gongo lake, kisha kwa muda mrefu huonekana kama kwamba hakuna linalotokea. Lakini aliyelelewa na ushairi hapati tabu kuuelewa. Mtunzi anajua kwamba mshororo wa mizani kumi na sita huharibiwa na silabi moja iliyozidi, na kwamba sikio la msikilizaji halisahau pale lilipojikwaa. Besiboli nayo ina hesabu zake. Ni duru tisa, na katika kila duru timu inayolinda hutakiwa kuwatoa wapigaji watatu. Ikishindwa kumtoa mmoja pale ilipopasa, mlango hubaki wazi, wala hakuna saa itakayolia kuufunga.

Niliujua mchezo huu Boston mwaka 2003, nilipokuwa nikisomesha Kiswahili huko. Usiku wa tarehe 16 Oktoba mwenye nyumba wangu, mzee mpole aliyeishi peke yake, aliniita sebuleni kwake. Red Sox, timu ya mji ule, ilikuwa New York ikicheza na Yankees mchezo wa saba, na mshindi ndiye wa kwenda fainali. Boston haikuwa imeonja ubingwa tangu 1918. Zamu ya Yankees ya kupiga katika duru ya nane ilipoanza, Boston walikuwa wakiongoza kwa mikimbio 5 kwa 2, na mrushaji wao alikuwa Pedro Martínez, bingwa wa mabingwa wa zama zake. Alipomaliza duru ya saba alikuwa amekwisha kunyoosha kidole mbinguni, na wenzake wakamkumbatia kama mtu aliyetimiza kazi yake.

Hapa inafaa nieleze jambo. Kila timu ina warushaji wa akiba, ambao hukaa mahali pao pembeni ya kiwanja na kupasha misuli kila kocha anapowapelekea habari. Mkono wa mrushaji huchoka, na uchovu wake hauonekani kwa macho ya kila mtu: mpira hupungua kasi kidogo, au hupita mahali palipokaribia tu pale ulipokusudiwa. Kumtoa mapema ni kuutupa upanga ungali mkali. Kumwacha mno ni kuukamata upande wa makali. Na sheria haina huruma, kwani akishatoka harudi tena. Kocha hana budi kuhesabu nani yuko tayari, nani alirusha jana, nani anammudu mpigaji wa mkono wa kushoto, na nani amwekee kesho.

Pedro akarudishwa duru ya nane. Akamtoa mmoja, kisha wakaanza kumpiga. Yankees walipopata mkimbio wa tatu, kocha Grady Little alitoka, akapanda kichuguuni, akamuuliza kama bado ana nguvu. Pedro akasema anazo. Kocha akarudi peke yake. Mzee wangu alishika kichwa akanong'ona, "Hapana, hapana." Mapigo mawili baadaye matokeo yalikuwa 5 kwa 5. Katika duru ya kumi na moja, kijana wa Yankees aitwaye Aaron Boone aliuvusha mpira nje ya ukuta kwa pigo moja, na safari ya Boston ikakoma hapo. Mwezi haukwisha kabla ya Little kupoteza kazi yake. Mzee alizima televisheni, akakaa gizani. Mimi nilipanda chumbani nikijiambia kwamba kocha yule ni mjinga, maana nani asiyejua kuwa mtu aliyechoka hawezi kuwa shahidi wa uchovu wake mwenyewe?

Kumbe mimi sikulijua hilo.

Miaka sita baadaye nilikuwa nimekwisha kurudi Unguja, na mama yetu alikuwa mgonjwa. Tulimuuguza nyumbani kwa zamu, mimi na dada yangu mkubwa. Wiki moja mama alizidiwa, nikakesha usiku wa kwanza na wa pili. Usiku wa tatu dada alikuja mlangoni na mkeka wake chini ya kwapa. "Nenda kalale, mdogo wangu," akaniambia, "au bado unaweza?" Nikamjibu, "Bado." Akanitazama kidogo, akarudi alikotoka. Sijui saa ngapi usingizi ulinichukua kitini. Mama aliamka na kiu, na kwa kuwa hakutaka kuniamsha, alinyanyuka mwenyewe kuufuata mtungi. Nilishituliwa na kishindo. Aliishi miaka minne zaidi, lakini hakutembea tena bila ya kushikwa. Nilipoulizwa, nilisema nilikuwa nimetoka kidogo kwenda uani. Mama alinisikia nikisema hivyo, akanyamaza.

Uongo ule nilikaa nao hadi mwaka 2024, Yankees walipokutana na Dodgers wa Los Angeles katika fainali. Kocha wa Yankees sasa alikuwa Aaron Boone, yule yule aliyefaidika na ukawiaji wa Little. Katika mchezo wa kwanza, tarehe 25 Oktoba, duru ya kumi, Yankees wakiongoza 3 kwa 2, Boone alimwita Nestor Cortes, ambaye kwa sababu ya maumivu ya mkono hakuwa amerusha katika mechi tangu Septemba. Cortes alirusha mipira miwili tu. Wa kwanza ulimtoa Shohei Ohtani. Mpigaji aliyefuata, Mookie Betts, wakampa kituo kwa makusudi, bila ya kumrushia. Wa pili Freddie Freeman aliupeleka nje ya uwanja, vituo vyote vitatu vikiwa na watu, mikimbio minne kwa pigo moja. Aliyenufaika na kuchelewa kwa mwenziwe sasa yeye akalaumiwa kwa uteuzi.

Mchezo wa tano niliutazama Unguja kwa simu ya mpwa wangu, tangu saa tisa za usiku wa kuamkia Alkhamisi tarehe 31. Hadi mwisho wa duru ya nne Yankees walikuwa na 5, Dodgers hawana kitu, na Gerrit Cole hakuwa ameruhusu pigo hata moja. Ndipo ilipokuja duru ya tano. Baada ya pigo la kwanza la Dodgers, Aaron Judge alidondosha mpira wa juu ambao watoto huudaka. Anthony Volpe akarusha vibaya kuelekea kituo cha tatu. Hata hivyo Cole aliwatoa wawili kwa nguvu zake mwenyewe, na Betts akapiga mpira dhaifu wa chini kuelekea kituo cha kwanza. Kilichotakiwa ni Cole akimbie hatua chache akakilinde kituo. Hakukimbia. Alinyoosha kidole kumwelekeza mwenzake, na Betts akafika salama. Pakaingia mikimbio mitano. Mwisho wa yote Dodgers walishinda 7 kwa 6, wakatwaa ubingwa.

Lakini lililonikosesha raha lilikuwa la duru ya nane. Blake Treinen wa Dodgers, mrushaji wa akiba aliyekwisha kutumika kupita kawaida yake, alikuwa na watu wawili vituoni, na timu yake ikiongoza kwa mkimbio mmoja. Kocha Dave Roberts alipanda kichuguuni, akamtazama machoni, akamwacha. Tendo lile lile la Little! Treinen akawatoa wawili waliobaki. Duru ya tisa Roberts alimpa Walker Buehler, aliyekuwa ameanza mchezo wa tatu siku mbili tu nyuma, naye akaifunga hesabu. Basi nilikuwa nimejidanganya miaka yote kwamba ipo kanuni, na kwamba laiti ningaliifuata mama asingalianguka. Hakuna kanuni. Ipo hatua chache ya kukimbia, na mtu ama huikimbia ama hunyoosha kidole kwa mwingine.

Mchezo ulipokwisha jua lilikuwa limechomoza. Nilimpigia dada simu, nikamwambia kwamba usiku ule sikwenda uani, nililala. Alinyamaza muda mrefu, nikasikia kuku wake wakilia nyuma yake.

"Nilijua," akasema. "Mama aliniambia, akanikataza nisikuulize."

Kisha akasema, "Na mimi ndiye niliyekuja na mkeka, nikarudi nao. Mchovu haulizwi, mdogo wangu. Mchovu hupokewa."