KENGELE YA NDANI YA KOMPYUTA



Tangu tulipowekwa kuwa kapita wa wanafunzi, kila juma tunasikia neno moja: «Kapita, ngoja kidogo, niko namaliza.» Tunalisikia zaidi kwenye chumba cha kompyuta. Mashini ziko ine tu, na mwenye kukaa wa kwanza hasimami. Wadogo wa mwaka wa kwanza wanarudi darasani pasipo kugusa hata kitufe kimoja. Wenzetu wengine wanasema kengele haina kazi mule: kila mtu iko na akili, ataachia mwenzake kwa mapenzi yake. Sisi hatukubali, na ushahidi wetu tunautoa ndani ya zile mashini zenyewe.

Wengi wanadhani kompyuta inafanya kazi nyingi kwa mara moja. Kwa mashini yenye prosesa moja, hapana, ni macho yanadanganyika. Prosesa inafanya amri moja, kisha nyingine. Inashika programu moja kidogo, inaiacha, inashika ya pili, upesi kiasi mtu haoni. Lakini nani anaiambia programu «simama, zamu yako imekwisha»? Iko programu kubwa inayogawa zamu, tunaiita kiini. Shida ni kwamba kiini nacho ni programu. Wakati prosesa iko mkononi mwa mwingine, kiini kinalala, hakiwezi kumufukuza mtu.

Ndiyo maana waliweka kengele, na kengele ile si programu, ni kifaa. Tutwae mashini ya IBM PC ya mwaka 1981, kwa sababu mule mambo yanaonekana wazi. Ilikuwa na chipu ya Intel 8253. Chipu hiyo inapokea mapigo 1 193 182 kila sekonde, inahesabu 65 536, ndipo inapiga kengele mara moja. Gawa mwenyewe: ni mara 18,2 kila sekonde. Kengele inapitia chipu ya pili, 8259, iliyo kama mlinzi wa mlangoni anayepanga nani apite mbele.

Prosesa ikisikia, haikati amri iliyo mkononi. Inaimaliza, inaandika mahali ilipofikia, kisha inakwenda kwenye fungu la amri lililowekwa tayari kwa saa ile. Fungu hilo linaweka pembeni hesabu zilizomo ndani ya rejista, ili programu iliyokatizwa ikirudi ikute vitu vyake vyote mahali pake. Linaongeza moja kwenye hesabu ya saa. Linamwambia mlinzi: nimesikia. Likisahau neno hilo moja, mlinzi haleti pigo lingine, na saa inakufa! Kiini chenye kugawa zamu kinatazama pia kama zamu imekwisha. Ikiwa imekwisha, prosesa inapewa mwingine.

Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alianza hapo hapo mwaka 1991. Kabla kazi yake haijaitwa Linux, alikuwa na programu mbili tu, moja inaandika herufi A na nyingine herufi B, na saa inazibadilisha. Kisha hapo ndipo ilitoka Linux yote.

Sasa wale wanaosema «kila mtu iko na akili», wasikie. Programu za Windows 3.1, ya mwaka 1992, zilikuwa zinaachiana zamu kwa hiari, na zile za Macintosh vilevile mpaka Mac OS X ilipotoka mwaka 2001. Zote zikiwa na adabu, kazi inaendelea vizuri. Lakini moja ikikwama au ikikataa, zingine zote zinangojea, na mwenye mashini anabaki kuizima na kuiwasha tena. Je, si ndiyo chumba chetu?

Lakini tuseme kweli, kengele nayo inakula wakati. Mara nyingi, wakati fungu lile linafanya kazi, mlango umefungwa kwa makatizo mengine. Likikawia, mapigo yanapotea na saa inabaki nyuma. Kwa hiyo Linux inafanya yaliyo ya haraka tu, na kazi ndefu inaiacha mpaka mlango umefunguliwa. (Kapita anayepiga kengele kisha anahubiri dakika tano, asome mstari huu mara mbili.) Walihangaika pia juu ya mara ngapi kupiga. Kwenye PC, Linux ilikuwa inapiga 100 kwa sekonde. Toleo la 2.6 la mwaka 2003 likaweka 1000. Mwaka 2005 wakashusha kawaida kuwa 250. Ukipiga mara chache, watu wanangoja sana. Ukipiga mara nyingi, prosesa inashinda ikiitikia kengele tu. Mwaka 2007 wakaongeza akili nyingine: kama hakuna mwenye kazi, kengele inanyamaza mpaka saa inapohitajika, prosesa inalala na batri inadumu. Sisi wenye umeme wa jua tunaelewa faida yake.

Lililotupendeza kuliko yote ni hili. Hesabu ya mapigo yenye biti 32, kwa mapigo 100 kila sekonde, inajaa kisha siku 497 na kurudi kwenye sifuri. Nani atangoje siku 497 kuona kama programu yake itakosea? Basi watengenezaji wa Linux waliianzisha hesabu karibu na mwisho, ijae dakika tano tu kisha kuwasha mashini. Kosa likiwapo, lionekane fundi angali amekaa pale.

Kwa ruhusa ya mwalimu wa informatiki, kuanzia siku ya kwanza ya juma lijalo kengele italia chumbani kila dakika 20. Ukiisikia, maliza mstari ulioshika, weka kazi yako kwenye folda ya jina lako, toka, ingia mwisho wa mstari. Utaikuta vile uliiacha. Kama hakuna mwenye kungoja mlangoni, kengele hailii. Kapita akiwa amekaa kwenye mashini, naye anasimama.

Sisi wa mwaka wa sita tunakaribia mtihani wa Leta, kisha tunaondoka. Tunatafuta wawili wa mwaka wa tano wa kushika kengele hii, na mmoja awe wa mwaka wa kwanza, kwa sababu wao ndio wanaongojea zaidi. Leteni majina mbele ya siku ya posho.