Hesabu Isiyorudi Nyumbani



Juma hili napenda tutafakari jambo ambalo wengi hudhani ni la ofisini tu, nalo ni takwimu. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 sote tuliolala katika ardhi ya Tanzania tulihesabiwa. Matangazo yalisomwa makanisani na misikitini, viongozi wa vijiji wakawaongoza makarani nyumba kwa nyumba, na wazee waliozoea karatasi na penseli wakashangaa kuona vijana wakibonyeza vishikwambi. Tarehe 31 Oktoba mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mjini Dodoma kwamba tu watu 61,741,120, kutoka 44,928,923 wa mwaka 2012. Hiyo tuliisikia redioni. Lakini ni wangapi kati yetu, hapa Nyanda za Juu Kusini, wanaoweza kutaja idadi ya watu wa kata yao wenyewe? Idadi hiyo ilichapishwa, kata kwa kata. Nimeulizauliza, walionijibu ni mwalimu mmoja na mtendaji wa kata.

Mwinjili Luka anatusimulia habari za kuandikishwa watu kwa amri ya Kaisari Augusto, lakini hasemi popote kama wale waliosafiri kwenda kuandikishwa waliwahi kuambiwa jumla yao. Nadhani haikuwa desturi. Dola ilihesabu kwa faida yake. Sisi tuliambiwa kwamba tunahesabiwa ili shule, zahanati na maji vipangwe kwa haki, na kwa sababu hiyohiyo tunastahili kurudishiwa hesabu.

Wapo wanaodhani takwimu zote ni siri ya serikali. La hasha. Sheria ya Takwimu inalinda habari za mtu mmoja mmoja na za kaya yake: karani aliyeandika umri wako au ulemavu wa mwanao haruhusiwi kwenda kuusimulia kilabuni. Jumla, kinyume chake, ni mali ya wote. Tumeyachanganya mambo haya mawili, kwa hiyo tunaogopa kusema pale tunapolindwa, na tunanyamaza pale tunapopaswa kuuliza.

Mbali na sensa kuna tafiti, ambazo hazimfikii kila mtu bali huchagua baadhi ya kaya ziwe kielelezo cha nyingine. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulipima, pamoja na mengine, urefu na uzito wa watoto. Ilionekana kwamba nchini kote watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Mkoani Iringa walikuwa takribani 57 katika kila 100. Njombe na Rukwa karibu nusu. Tafadhali soma tena mikoa hiyo. Ndiyo mikoa inayosifiwa kwa kuilisha nchi.

Niliyataja hayo kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo moja, baada ya sala. Kimya kikatanda, kisha mama mmoja akasema, “Baba Paroko, hao waliodumaa ni watoto wa nani? Kwetu hapa hakuna anayelala njaa.” Alisema kweli. Mahindi yako darini, viazi viko shambani. Mtoto wake anashiba ugali asubuhi na jioni, ila maharage, mayai na maziwa huenda sokoni kutafuta ada na mbolea, naye mama mwenyewe alilima hadi siku ya kujifungua. Udumavu hauumi wala hauleti homa. Mtoto huwa mfupi kuliko umri wake, na akili yake hupata hasara katika zile siku 1,000 za mwanzo, tangu kutungwa mimba hadi kutimiza miaka miwili. Tena, pale ambapo nusu ya watoto wa rika moja wamedumaa, nani atamwona aliye mfupi? Wote wanalingana. Jicho la mzazi, hata liwe na upendo kiasi gani, halina mahali pa kulinganishia. Ni kipimo pekee kinachoweza kumwambia, na kipimo hicho kimelala kwenye ripoti nene ambayo haijafika kijijini.

Niliwaambia pia, kwa haki, kwamba tarakimu ya mkoa si tarakimu ya kijiji. Sampuli haikuchaguliwa ili ituseme sisi. Huenda kijiji chetu kina nafuu, huenda kina hali mbaya zaidi. Mzee mmoja akadakia kwamba basi tupimwe wenyewe, na hapo ndipo mazungumzo yalipochangamka, maana watoto wetu hupimwa tayari: kliniki, na katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Vipimo huandikwa, hujumlishwa, hupelekwa wilayani. Havisomwi mkutanoni. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria huitishwa angalau kila baada ya miezi mitatu, husomewa mapato na matumizi, na watu hugombana juu ya mifuko ya saruji hadi jua linazama. Sikumbuki kusikia ukisomewa urefu wa watoto.

Idadi ya watu wa kata yetu nimekwisha kuibandika kwenye ubao wa matangazo ya parokia, chini ya ratiba ya Misa. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye si muumini wetu, ameahidi kumwalika mhudumu wa afya kwenye mkutano ujao aje na daftari lake, asome jumla bila kutaja jina la mtoto yeyote. Yule mama ameomba asome kitongoji kwa kitongoji.