Lipu Hutaka Maji: Kumbukumbu za Fundi wa Tunduma

Nilianza kazi ya lipu hapa Tunduma mwaka 1981, nikiwa saidia fundi wa kubeba karai, na nimeiacha juzijuzi tu, magoti yaliponikatalia kupanda jukwaa. Tunduma niliyoikuta ilikuwa mji mdogo wa mpakani wenye kituo cha reli, ofisi za forodha na vibanda vya biashara. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 97,000 na ushei, na ile ya 2022 ikakuta zaidi ya 219,000. Watu wote hao wanalala ndani ya kuta, na kila ukuta una mtu aliyeupiga. Jiwe la msingi hubeba jina la mgeni rasmi na ramani hubeba jina la mchoraji. Fundi lipu haandikwi popote. Ndiyo maana nayaandika haya ningali nakumbuka.

Kazi yenyewe sikuijulia kwenye saruji. Nyumba za kwetu Mbozi, nilipokuwa mtoto, zilikuwa za miti na udongo. Wanaume walichimbia nguzo, wakapitisha fito kwa ulalo na kuzifunga kwa kamba za magome, kisha wakaezeka nyasi. Kazi yao iliishia hapo. Kukandika kulikuwa kwa wanawake. Mama na wenzake waliuchagua udongo kwa vidole: ulio mzito waliupunguza kwa mchanga, kwa sababu udongo wa mfinyanzi ukikauka hunywea na kupasuka, ila mchanga ukizidi, ukuta hupukutika. Walitia majani makavu yaliyokatwakatwa ili yaushike, wakaukanyaga kwa miguu na kuuacha ulale hadi kesho yake.

Mkono wa kwanza uliachwa ujipasue wenyewe. Sisi watoto tulitaka kuziba nyufa siku ileile, mama akatuzuia. "Ukuta usipopasuka leo, utapasuka mkishaupamba," alisema. Nyufa zikishatulia ndipo ulipokuja mkono wa pili, udongo laini uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, ukapakwa kwa kiganja kwa mizunguko mifupi. Kama ni wakati wa upepo wa kiangazi, mama alichovya tawi la majani kwenye mtungi na kuunyunyizia ukuta asubuhi na jioni, usikauke kwa pupa. Karibu kila jambo nililofundishwa baadaye na mafundi wenye vyeti nilikuwa nimeliona kwa mama. Mafundi lipu wa kwanza wa nchi hii ni wanawake, na hakuna aliyewapa cheti.

Agosti 1973 reli ya TAZARA ikafika Tunduma. Njia nzima, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa rasmi Julai 1976. Watu wazima walizungumzia treni, shaba ya Zambia na ubeberu wa Rhodesia. Mimi nilishangaa kuta za nyumba za reli: zilinyooka kama uzi uliovutwa, pembe zake kali, na mvua ya masika iliteleza juu yake bila kuacha alama. Nilitaka kujua mkono gani unaweza kufanya hivyo.

Saruji, ambayo wazee waliiita udongo Ulaya, iligeuka ndoto ya kila kaya. Mwaka 1977, akitathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba watu wanakataa kujenga kwa tofali za kuchoma na vigae, wanakaa wakingojea bati na huo udongo Ulaya. Nilimwelewa vizuri miaka michache baadaye. Nilipoingia kazini, nchi ilikuwa imetoka kwenye Vita vya Kagera, na dukani hapakuwa na kitu. Saruji ilitoka kwa kibali. Mtu mwenye mifuko mitano aliilaza chumbani anamolala. Watu walivuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kutafuta sabuni, na mifuko ya saruji nayo ilihama upande huu na ule kufuata bei, mara nyingi usiku. Hata kiwanda cha saruji cha Mbeya kilipoanza kuzalisha, miaka ya mwanzo ya 1980, pale Songwe upande wa Mbeya, ilichukua muda mfuko kufika kwa mtu wa kawaida.

Uhaba huo ndio uliotufunza. Fundi wangu, mzee wa Kinyamwanga aliyejifunzia kazi kwenye majengo ya misheni, alijua kuifanya saruji kidogo ifike mbali kwa kuichanganya na chokaa. Bonde la Songwe lina mawe mazuri ya chokaa. Mawe hayo yakichomwa tanurini kwa moto mkali hubaki madonge makavu, na ukiyatia maji yanachemka yenyewe, yanatoa mvuke na kuvunjika kuwa unga. Ukishapoa, ukichanganywa na mchanga na saruji kidogo, unapata lipu laini inayoshika vizuri na isiyovunjikavunjika mwikoni. Watu wa Kilwa na Zanzibar walijenga misikiti na majumba kwa chokaa ya matumbawe karne nyingi kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kushushwa bandarini, na kuta nyingine zimesimama hadi leo. Mzee alitukumbusha hilo kila tuliponung'unika kwamba vifaa havitoshi.

Mzee hakuniruhusu kushika mwiko hadi niujue mchanga. Alinitia mchanga kiganjani, niufikiche. Ukiacha doa la tope, haufai. Ukimtia shaka aliutia kwenye chupa ya maji, akatikisa na kuiweka chini. Mchanga hutua kwanza, tope hubaki juu yake, na unaona kwa macho ni kiasi gani. Mchanga wa tope ndio uliobomoa nyumba nyingi, kwa sababu saruji haishiki chembe iliyofunikwa udongo. Baada ya mchanga ukaja ukuta. Tofali za kuchoma zina kiu. Ukizipiga lipu zikiwa kavu, zinanyonya maji yote ya mchanganyiko na kuiacha saruji bila kitu cha kushikia. Tulizimwagia maji tangu jana yake, na asubuhi tukazimwagia tena.

Kisha ndipo unapima. Unashusha timazi kutoka juu, unaweka vidonge vya lipu vya alama pembeni na katikati, unavuta uzi, unaviunganisha viwe mistari ya kuongozea bao la kunyooshea. Hapo fundi anaanza kurusha. Lipu hutupwa kwa nguvu ya kiwiko ili iingie katika vinyweleo vya tofali na kufukuza hewa. Ukiibandika polepole tu, utakuja kusikia ukuta ukigongwa unalia utupu. Ukishajaza unapitisha bao kutoka chini kwenda juu huku ukilichezesha kushoto na kulia, unaziba mashimo, unapitisha tena. Lipu ikishaanza kukaza, unaisugua kwa kibao kwa mizunguko, ileile mizunguko ya kiganja cha mama. Unene wa sentimita moja na nusu unatosha kwa ukuta ulionyooka. Ukuta uliopinda hutaka zaidi, na fundi tofali aliyepindisha huwa ameshalipwa na kuondoka. Wewe unayekuja nyuma yake ndiye unayeunyoosha.

Wengi hudhani kazi imeisha hapo. Saruji haigandi kwa kukauka. Inaganda kwa kula maji, na inaendelea kuyala kwa siku nyingi baada ya wewe kufunga mwiko wako. Ikinyimwa maji, inasimama katikati ya safari: juu inaonekana ngumu, ndani ni unga. Lipu inayomwagiliwa siku saba na ile iliyoachwa kwa jua zinafanana siku ya rangi. Miaka mitatu baadaye hazifanani kabisa.

Na hapa ndipo Tunduma inapotuumiza. Mji huu umekuwa na shida ya maji kwa miaka mingi. Mwezi wa nane, upepo unapokausha hata midomo, dumu la lita 20 linanunuliwa kwa foleni, na mwenye nyumba anafanya hesabu: maji ya kupikia, ya kuoga, ya kumfulia mtoto nguo, halafu wewe fundi unamwambia amwage madumu ukutani. Wengi walikataa. Sikuwachukia, lakini niliwaambia ukweli: ukiipunja lipu maji, utainunulia saruji mara ya pili. Waliokubali tuliwatundikia magunia yaliyolowa ukutani, yakashika unyevu kutwa nzima kwa maji machache. Nyumba hizo bado ninapita kuziona mitaa ya Majengo na Sogea, na kuta zake ziko imara.

Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980 na baada yake, pesa ya mpakani ikaanza kujenga. Nyumba za wageni, maghala, fremu za maduka, zote zikitakiwa kwisha kabla ya mvua. Tulilipwa kwa mita ya mraba, na malipo hayo yanamfanya fundi akimbie. Anayepiga haraka ndiye anayekula. Anayengoja ukuta ulowe anaonekana mvivu. Nimewahi kufanya kazi kwa tajiri mmoja tukamaliza ghala lake, akatukata nusu ya fedha kwa nyufa zilizotokana na yeye kukataza umwagiliaji. Hatukuwa na mkataba wala pa kwenda. Vijana niliokuwa nao walirudi nyumbani mikono mitupu, na mmoja aliacha kabisa ufundi.

Mwili nao hulipa. Saruji mbichi inachoma ngozi. Mwanzoni ni muwasho tu kati ya vidole, mwishoni ni vidonda visivyofunga, na mafundi wengi wa rika langu walipaka mafuta ya kula mikononi kabla ya kazi kwa kukosa glavu. Vumbi la kukwangua kuta na kuchekecha mchanga ni baya zaidi, kwa sababu lina chembe ndogo zinazokaa mapafuni na hazitoki. Nimewazika wenzangu waliokohoa kwa miaka, tukisema ni kifua. Sheria ya usalama na afya kazini ipo tangu mwaka 2003, lakini kwenye nyumba ya mtu binafsi huku mtaani ni nadra kumwona saidia fundi amevaa barakoa.

Mwaka 2016 Mbeya ilipomegwa na Mkoa wa Songwe ukazaliwa, makao yake Vwawa, kazi iliongezeka mno. Oktoba 2019 marais Magufuli wa Tanzania na Lungu wa Zambia walizindua kituo cha pamoja cha mpakani. Na kwa miaka hii jipsamu imeingia kila nyumba. Vijana wanafunga fremu, wanapiga mbao za jipsamu darini, wanaziba maungio kwa utepe na poda, kisha wanapiga skimu hadi ukuta unang'aa kabla ya rangi. Mikanda ya dari wanaimimina wenyewe karakanani: poda na maji ndani ya ukungu, na nyuzi za katani katikati. Nilipoiona katani ile niliyakumbuka majani makavu ya mama. Ni maarifa yaleyale ya kuupa udongo kitu cha kuushika. Jipsamu inaganda kwa dakika chache, na kijana anayeimudu ana mkono mwepesi kuliko wangu. Nawaheshimu. Ila wengi wanapiga skimu nzuri juu ya lipu iliyokufa, na poda ya kusugua kwa msasa wanaivuta puani siku nzima.

Kwa hiyo nina maneno kwa watu watatu. Wewe unayejenga: weka bajeti ya maji kama unavyoweka ya saruji, na umwache fundi aumwagilie ukuta wiki nzima, umlipe siku mliyokubaliana, mkiwa mmeandikiana. Ninyi wa Halmashauri na VETA: utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia mtaani na kuwapa vyeti upo, uleteni Tunduma, Mlowo na Ileje, na muwaite na wanawake, kwa sababu wanaobeba maji na kuchekecha mchanga kwenye majengo yetu ni wao, na kazi hii ilikuwa yao kabla haijawa yetu. Na wewe kijana uliyeshika mwiko leo: vaa barakoa, lowesha ukuta, na usikubali kuharakishwa. Nyumba mbaya itakutaja kwa miaka mingi zaidi kuliko tajiri aliyekuharakisha.